Mstari Mwekundu Usiokatika: Namna ya Kujenga Nyumba Isiyovuja Hewa katika Nchi za Baridi

Kabla msingi haujachimbwa, chukua mchoro unaoionyesha nyumba kana kwamba imekatwa kwa msumeno kutoka paani hadi chini. Weka ncha ya kalamu nyekundu sakafuni, kisha ufuate tabaka litakalozuia hewa: pita sakafuni, panda ukutani, zunguka fremu ya kila dirisha, vuka darini, shuka upande wa pili na urudi pale ulipoanzia, bila kuinua mkono hata mara moja. Mahali popote kalamu inapolazimika kuruka ndipo hewa itakapopita. Kazi hii huchukua nusu saa mezani, na fundi aliyewahi kutafuta matundu katika nyumba iliyokwisha kupakwa rangi anaijua thamani yake.

Nayaandika haya kwa ajili ya wenzetu wanaojenga au kukarabati nyumba Ujerumani, Uingereza, Kanada na kwingineko ambako miezi ya baridi ni mingi na gharama ya kupasha nyumba joto hula sehemu kubwa ya mshahara. Njia ninayoieleza ni ile ya kiwango cha nyumba zinazohitaji joto kidogo sana, kiitwacho Passivhaus. Chimbuko lake ni mawazo ya Bo Adamson, Mswidi, na Wolfgang Feist, Mjerumani, na nyumba zake za kwanza ni nne zilizoungana katika mtaa wa Kranichstein mjini Darmstadt, ambazo wakazi waliingia mwaka 1991. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Wakanada walikuwa wamejenga mjini Regina nyumba ya majaribio iliyowekewa kihami joto kizuri, yaani tabaka linalozuia joto lisitoroke, na kuzibwa vizuri, na mengi yaliyojifunzwa hapo yangali yanatumika.

Kiwango hicho kinadai mambo yanayopimika. Joto linalohitajika kwa mwaka lisizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba ya sakafu, au, kwa njia nyingine ya kupima, nguvu ya kupasha joto isizidi wati 10 kwa mita ya mraba. Kwa nyumba ya mita za mraba 120, hiyo ni kilowati-saa 1,800 kwa mwaka, yaani joto linalopatikana katika lita 180 hivi za mafuta, na katika siku kali kabisa ya baridi wati 1,200 zinatosha, pungufu ya zile zinazotumiwa na birika la umeme la kawaida la Ulaya. Sharti linalowashinda wengi ni la uvujaji wa hewa: nyumba ikitiwa shinikizo la paskali 50, ambazo ni sawa na uzito wa milimita tano za maji, hewa inayovuja kwa saa moja isizidi mara 0.6 ya ujazo wa nyumba. Kama ujazo wa nyumba yetu ni mita za ujazo 300, basi jumla ya matundu yote, toka kwenye msingi hadi kileleni, inakaribia sentimita za mraba 90. Huo ni mraba ambao kila upande wake una sentimita tisa na nusu, nao ndio unaogawanywa kwa madirisha yote, milango yote, mabomba yote na nyaya zote.

Wengi hudhani kwamba kuziba hewa ni kuzuia baridi isiingie, na hilo ni kweli, lakini lipo jambo zito zaidi. Hewa ya ndani yenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 50 hubeba karibu gramu tisa za maji katika kila mita ya ujazo, nayo ikipoa hadi nyuzijoto tisa hivi, maji hayo huanza kugeuka matone. Hewa hiyo ikipenya kwenye ufa mdogo na kukutana na baridi katikati ya ukuta au juu ya dari, huyaacha maji yake humo humo, siku baada ya siku, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Mbao huoza na kuvu huota kabla mwenye nyumba hajaona doa lolote. Ndiyo maana tabaka la kuzuia hewa huwekwa upande wa ndani, wenye joto, na ndiyo maana kuongeza unene wa kihami joto bila kuziba matundu kunaweza kuidhuru nyumba badala ya kuisaidia.

Amua mapema ni kitu gani kitakachokuwa mstari wako mwekundu katika kila sehemu. Sakafuni, jamvi la zege linatosha. Kwenye ukuta wa matofali, kizuia hewa ni lipu ya ndani, wala si tofali lenyewe, kwa sababu matofali na viungo vyake hupitisha hewa. Nyumba za Kranichstein zilitegemea lipu hiyo ya jasi, na nje ya tofali zikawekwa kihami joto chenye unene wa milimita 275. Kwenye ukuta wa mbao hutumika mbao za OSB, yaani za vipande vya mti vilivyoshindiliwa kwa gundi, zilizounganishwa kwa tepu, au karatasi maalumu ya kudhibiti mvuke, na karatasi hiyo ndiyo hutumika pia chini ya kenchi. Pamba ya mawe haizuii hewa hata kidogo. Povu la kupulizia nalo lisitegemewe kuwa mstari, kwani hupasuka kadiri nyumba inavyotulia.

Vifaa vyenyewe haviwasumbui mafundi. Wanaposhindwa ni pale kifaa kimoja kinapokutana na kingine. Lipu ishuke mpaka iguse jamvi tupu, kabla tabaka la juu la sakafu hiyo halijamwagwa. Ipakwe pia mahali ambapo hakuna atakayepaona: nyuma ya ngazi, nyuma ya makabati ya jikoni, nyuma ya ukuta wa mabomba bafuni. Hapa utaratibu wa kawaida wa kazi lazima ubadilishwe, kwa sababu fundi bomba amezoea kutangulia na fundi wa lipu kumfuata, na matokeo yake ni kwamba ukuta ulio nyuma ya mabomba hubaki mtupu. Mpe fundi wa lipu siku moja ya kutangulia kwenye sehemu hizo tu. Boriti za ghorofa zisichomekwe ukutani; zishikwe kwa vishikizo vya chuma vilivyofungwa juu ya ukuta uliokwisha kupigwa lipu.

Pale karatasi ya darini inapokutana na ukuta wa tofali, usiigonge kwa misumari na kuiacha hivyo. Ikunje ishuke ukutani, ibandike kwa gundi yake, kisha wavu wake uzamishwe ndani ya lipu. Kwenye dirisha, tepu hubandikwa kwanza kwenye fremu kabla fremu haijasimamishwa, na katika pembe huachwa mkunjo wenye ulegevu, maana mbao hutanuka na kunywea. Tepu ya kufungia maboksi haifai kwa kazi hii, na tepu iliyo sahihi nayo haitashika juu ya vumbi au ukuta wenye maji. Fagia, paka dawa ya kushikizia, subiri ikauke, bandika, kisha ukandamize kwa nguvu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nimeona mita nyingi za tepu ya gharama zikining'inia baada ya wiki mbili kwa sababu tu ukuta haukufagiwa.

Nyaya na mabomba yanataka ukuta wa pili. Mbele ya karatasi ya kuzuia mvuke piga mirunda ya sentimita nne au tano, na nafasi hiyo iwe njia ya fundi umeme, ili soketi na swichi zote zikae upande wa ndani wa mstari bila kuutoboa. Pasipokwepeka kutoboa, kila waya upite peke yake katika tundu lake lenye kola ya mpira. Nyaya tano zilizofungwa pamoja huacha mapengo katikati ambayo hakuna tepu inayoyafikia. Kwenye ukuta wa tofali, sanduku la soketi lizamishwe katika lipu mbichi, na mdomo wa bomba la nyaya uzibwe, kwani hewa husafiri ndani ya bomba lenyewe.

Chagua mtu mmoja, mwenye jina linalojulikana na kila fundi, awe mlinzi wa mstari. Kila anayetoboa amwarifu siku hiyo hiyo, wala asilaumiwe kwa kutoboa. Anayeogopa lawama huficha tundu.

Kipimo kifanywe mara mbili. Cha kwanza, ambacho kwa maoni yangu ndicho cha lazima zaidi, hufanywa wakati madirisha yamekwisha kuwekwa na mstari umekamilika, lakini mbao za ndani bado hazijaufunika. Feni kubwa hufungwa kwenye mlango wa nje, madirisha yote hufungwa, milango ya ndani huachwa wazi, na feni hunyonya hewa mpaka tofauti ya shinikizo ifike paskali 50. Wakati feni inanguruma, tembea polepole na kijiti cha udi kilichowashwa, ukikipitisha kando ya kila fremu, kila pembe na kila soketi, na moshi utakuonyesha hewa inapoingilia. Mgongo wa mkono uliolowa maji nao hauongopi. Ziba, pima tena, ziba tena. Kipimo cha pili hufanywa nyumba ikiwa imekamilika, na hicho ndicho kinachoandikwa kwenye cheti.

Nyumba iliyozibwa hivi lazima ipewe pumzi kwa njia iliyopangwa. Mashine ya kubadilisha hewa huondoa hewa chafu jikoni, bafuni na chooni, na kupeleka hewa safi vyumbani na sebuleni, kiasi cha mita za ujazo 30 kwa saa kwa kila mtu. Mikondo hiyo miwili hupitana ndani yake bila kuchanganyika, na walau asilimia 75 ya joto la hewa inayotoka hurudishiwa ile inayoingia. Dirisha linaweza kufunguliwa wakati wowote. Lakini jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya nyumba ya namna hii, hata kwa dakika chache za kuchoma mahindi, kwa kuwa gesi yake ya sumu haina harufu na huua. Na jiko la kuni la kupasha joto lazima livute hewa yake moja kwa moja kutoka nje kwa bomba lake.

Madirisha yawe ya vioo vitatu, kihami joto kizunguke nyumba bila kukatizwa na zege la roshani, na madirisha yanayoelekea kusini yapate kivuli cha nje wakati wa kiangazi.

Msomaji aliye Mombasa, Tanga au Unguja asiuhamishe mwongozo huu kama ulivyo. Nyumba inayopozwa na upepo wa bahari inahitaji matundu, wala si tepu. Ni chumba chenye kiyoyozi tu ndicho kinachohitaji kuzibwa, na huko mambo hugeuka: hewa yenye unyevu mwingi iko nje, kwa hiyo mvuke husukumwa kutoka nje kwenda ndani, na karatasi iliyowekwa upande wa ndani kwa desturi ya Ulaya ingeyanasa maji ndani ya ukuta.

Ukiisha kuhamia, badilisha vichujio vya mashine kabla havijaziba, na uuhifadhi ule mchoro wenye mstari mwekundu pamoja na hati ya kiwanja. Atakayekuja kufunga dishi la televisheni aonyeshwe mchoro huo kabla hajawasha drili.