Kurekodi simulizi za babu na bibi mkirudi Moshi Desemba

Desemba vihamba (mashamba ya ukoo yenye makazi) vya Kibosho, Marangu na Rombo hujaa watu, na wengi hupanga kumrekodi babu au bibi siku yenyewe ya Krismasi. Siku hiyo haifai. Watoto wanakimbizana uani, wageni wanaingia, na mzee hujibu kwa mkato ili awahi kuwasalimia. Chagua tarehe 27 au 28, saa nne asubuhi, akishakunywa chai. Mbege, pombe ya ndizi, isubiri mpaka mmalize. Dakika 45 zinatosha kwa kikao kimoja. Akichoka, mzee huanza kuitikia lolote unalomtajia, hasa ukiuliza kwa mtindo wa "si ndivyo ilivyokuwa, bibi?"

Ruhusa iombwe siku moja kabla, na umweleze nani watasikiliza. Akisema "hili lisiingie humo", zima simu akiwa anaona. Habari za mipaka ya kihamba, isale (mmea wa kuonyesha mpaka) lilipandwa wapi na nani alimgawia nani, zitunzwe kwa uangalifu mkubwa na zisirushwe kwenye grupu la ukoo, kwa sababu mdomo wa mzee unaweza kugeuzwa ushahidi katika ugomvi ambao hakuukusudia.

Simu ya kawaida inatosha. Iweke katika hali ya ndege, maana simu ikiingia inaweza kukata rekodi. Ilaze juu ya kitenge kilichokunjwa, kama nusu mita kutoka mdomoni mwa mzee. Ikiwa juu ya mbao tupu, kila kikombe kikiwekwa mezani husikika kama nyundo. Zima redio. Mvua ikianza kupiga bati, simamisha. Rekodi dakika moja, isikilize, kisha anza kwa kutamka tarehe, mahali na majina ya wote waliopo.

Swali la "ulizaliwa mwaka gani?" lisiwe la kwanza. Mzee aliyezaliwa kabla ya vyeti hukisia tu, na makisio yake yakishaandikwa hugeuka kuwa ukweli wa ukoo. Muulize kwa matukio: Mwenge ulipowashwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, usiku wa Uhuru, 1961, alikuwa darasa la ngapi? Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, alikuwa amebeba mimba ya mtoto yupi? Wakati wa vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, nani wa nyumbani alikwenda? Waziri Mkuu Sokoine alipofariki Aprili 1984, walikuwa wamehamia nyumba hii? Bibi akijibu kwamba mwaka wa Azimio alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, na watoto walipishana miaka miwili miwili, ndoa yake iko karibu na 1962. Andika "karibu na 1962", neno "karibu" lisipotee.

Undugu ndio huharibu miti mingi ya ukoo. "Baba" anaweza kuwa baba mdogo, "babu" ndugu yake babu, na "dada" mtoto wa mjomba. Kwa kila jina uliza: ni baba aliyekuzaa? Mlizaliwa tumbo moja? Mzee wa wake wengi akitajwa, uliza mtoto ni wa mama yupi. Kisha waulize wanawake walitoka ukoo gani na kijiji gani, kwa sababu hapo ndipo nusu ya historia hupotea: mti huandikwa wanaume watupu, na bibi hubaki "mke wa fulani". Uliza pia jina la nyumbani na jina la ubatizo. Yohane wa kwenye kitabu cha parokia au usharika huenda hajawahi kuitwa Yohane na mtu yeyote kijijini.

Akipenda kuzungumza Kichagga, mwache. Kumtaka mjukuu atafsiri papo hapo hukata mtiririko na hupunguza maneno ya mzee. Tafsiri baadaye, na maneno kama kihamba na isale yabaki yalivyo, maana yake pembeni. Saa moja ya sauti huweza kula saa nne hadi sita za kuandika, kwa hiyo kwanza andika dakika na mada tu: "12:30, kuhama kutoka Uru".

Omba kuona vyeti, stakabadhi za kahawa na picha, na usome makaburi yaliyomo kihambani. Picha ipigwe karibu na dirisha bila flashi. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kwani wino wa kalamu hupenya. Iliyonata kwenye albamu isibanduliwe, ipige hapo hapo.

Jioni hiyo hiyo lipe faili jina, mfano 2025-12-27_bibi_01, na nakili sehemu tatu, mojawapo nje ya nyumba hiyo. Picha ukizituma WhatsApp, zitume kama dokumenti, vinginevyo hupunguzwa ubora.

Kikao kinachofuata, msomee mzee ulichoandika. Atasahihisha majina, na mara nyingi atakumbuka mtu mliyemruka. Rekodi masahihisho nayo, na ile ya kwanza usiifute.