Namna ya Kutunza na Kuondosha Oili Chafu Gereji

Oili chafu ambayo haijachanganyika na kitu kingine ina mnunuzi, kwa kuwa inaweza kusafishwa upya au kuchomwa katika matanuri ya viwandani. Ikishatiwa petroli, thina, mafuta ya breki au maji ya rejeta, inakuwa mzigo ambao mwenye gereji huenda akalazimika kulipa ili uondolewe.

Kwa hiyo, tenga pipa la oili chafu peke yake, liandikwe kwa herufi kubwa, liwe na kifuniko na liwekwe chini ya paa. Pipa lililoachwa wazi wakati wa masika huingia maji, na kwa kuwa maji huzama chini ya oili, kinachofurika na kutiririka hadi mtaroni ni oili yenyewe. Sakafu iwe ya saruji isiyo na nyufa, na izungushiwe ukingo unaoweza kuzuia lita 220 iwapo pipa la lita 200 litapasuka.

Filta zinasahaulika mno, ilhali hubaki na oili nyingi ndani. Filta ingali na joto, itoboe upande wa juu ulioziba, kisha iweke juu ya wavu ichuruzike kwa saa 12 hivi. Fundi avae glavu zisizopenyeza mafuta, na asinawe mikono kwa petroli, kwani oili iliyotumika hubeba kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi pale inapogusa mwili kila siku. Oili ikimwagika, mwagia maranda au mchanga, zoa, na uhifadhi taka hizo katika chombo chake. Kuosha kwa maji ni kuisogeza tu kwa jirani.

Wateja wengi huja na madumu wakiomba oili ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Ni ombi gumu kukataa, lakini likataliwe, kwa sababu mvua huishusha oili hiyo ardhini pamoja na madini kama risasi. Nchini Tanzania, taka hatarishi husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mkusanyaji anapaswa kuwa na kibali. Aoneshe kibali hicho kabla hajapakia. Andika katika daftari tarehe, idadi ya lita, jina lake na namba ya gari, kisha mtie saini nyote wawili.