Namna ya Kukagua Kazi ya Mabomba ya Bafu Jipya Kabla ya Kumlipa Fundi

Mabomba ya bafuni huonekana kwa siku chache tu. Fundi huchimba ukuta, huyalaza na kuyaunganisha, kisha huja plasta na marumaru, na kuanzia hapo kosa lolote lililofukiwa humo halijulikani mpaka rangi ya chumba cha pili ianze kuvimba. Jambo hilo limenipata mimi mwenyewe: ilibidi tuvunje ukuta wa bafu lisilotimiza mwaka kwa sababu kiungo kimoja cha maji ya moto kilikuwa kikidondosha tone mojamoja. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukaguzi mkubwa ufanyike kabla ya plasta, na kwamba makubaliano na fundi yaseme hivyo tangu mwanzo: ukuta usifunikwe wala zege lisimwagwe kabla mwenye nyumba hajashuhudia kipimo cha presha na kipimo cha maji taka.

Anza na maji safi. Nyumba nyingi zinazojengwa sasa Dar es Salaam hutumia mabomba ya PPR, yaani ya plastiki ngumu, ambayo huunganishwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi. Pita na tochi kwenye kila kiungo. Kiungo kizuri huacha pete laini ya plastiki iliyoyeyuka, ikizunguka bomba sawasawa pande zote. Ukiona pete upande mmoja tu, bomba liliingizwa likiwa limepinda au halikupata moto wa kutosha. Fundi akizidisha moto au akisukuma mno, plastiki huziba sehemu ya tundu kwa ndani, na kasoro hiyo hutaiona kwa nje, bali utaitambua baadaye koki moja itakapotoa maji kinyonge ilhali nyingine zinatoa kwa nguvu. Soma pia maandishi yaliyochapwa kwenye bomba, kwa maana namba ya PN huonyesha daraja la presha la bomba: la PN10 ni la maji baridi, na kwa maji ya moto inafaa PN20.

Sasa presha. Mafundi wengi watakuambia kwamba wamefungulia maji ya tangi na hapavuji popote, lakini kipimo hicho hakitoshi. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta presha ya takriban ba 1 (ba ni kizio cha presha), kwa hiyo tangi lililoinuliwa mita 4 juu ya bafu husukuma kwa ba 0.4 tu, ambayo hata kiungo kibovu kinaweza kuistahimili. Siku utakapofunga pampu ya kuongeza nguvu ya maji, kiungo hicho kitaachia. Mtake fundi alete pampu ya mkono yenye geji, azibe matokeo yote kwa vizibo, hita ikiwa bado haijaunganishwa, atoe hewa yote, kisha apandishe presha mpaka ba 10. Plastiki hutanuka kidogo inapobanwa, hivyo mshale utashuka mwanzoni na hilo si kosa. Baada ya nusu saa apandishe tena, na kuanzia hapo subirini angalau saa nzima, wewe ukiwa umepiga picha ya geji mwanzoni na mwishoni. Mshale ukiendelea kushuka, tafuteni panapovuja kabla ya kazi nyingine yoyote. Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi kando ya bomba. Picha hizo zitakuokoa siku utakapotaka kutoboa ukuta ili kutundika kioo.

Kwa maji taka, adui ni mteremko mbaya. Bomba la inchi 4 linalotoka chooni lishuke sentimita 2.5 hivi kwa kila mita, nawe upime mwenyewe kwa pimamaji na futi, usikadirie kwa macho. Pale bomba linapogeuka chini ya sakafu, elbo mbili za nyuzi 45 ni bora kuliko moja ya nyuzi 90, ambayo hupenda kukwamisha uchafu. Kisha ziba bomba kwenye chemba ya nje, yaani shimo la kukagulia maji taka, jaza maji mpaka karibu na usawa wa sakafu, weka alama, na uangalie baada ya nusu saa kama maji yameshuka.

Trapu ya sakafuni, yaani tundu la kutolea maji lenye kikombe au kona chini yake, lazima ibakize maji yenye kina cha sentimita 5 hivi, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya karo kuingia ndani. Choo kikishafungwa, mwaga ndoo nzima kwa mkupuo huku mwenzako akitazama trapu. Ikigugumia na maji yake yakafyonzwa, basi bomba la kupumulia, linaloingiza hewa kwenye mabomba ya maji taka, limesahauliwa au limeziba. Harufu inayolaumiwa kwa usafi duni mara nyingi chanzo chake ni hiki.

Bafu la ghorofani linahitaji kipimo kimoja zaidi. Baada ya dawa ya kuzuia maji kupakwa na kukauka, na kabla ya marumaru, ziba trapu, weka maji ya kina cha sentimita 2 au 3, yaache saa 24, kisha kagua dari ya chumba cha chini. Marumaru zikishawekwa, mwaga ndoo ya maji mbali na trapu: baada ya dakika chache pasibaki dimbwi. Gololi ya mtoto nayo hufaa, kwani ukiiachia pembeni inapaswa kubingirika yenyewe kuelekea kwenye trapu.

Vifaa vinavyoonekana havisumbui sana. Pangusa kila kiungo chini ya beseni la kunawia kwa karatasi kavu, na utie rangi ya chakula katika tangi la choo. Ikijitokeza kwenye sinki la choo ndani ya nusu saa bila mtu kuvuta maji, mpira wa tangi hauzibi.

Mwisho, jaza tangi la juu, funga koki zote usiku na usome mita pamoja na alama ya maji kwenye tangi. Asubuhi visiwe vimebadilika. Baki ya malipo, ambayo mimi huizuia kiasi cha asilimia 10, ilipwe baada ya bafu kutumika wiki mbili.