Feni ya kadi ya grafiki inapiga kelele? Itie mafuta mwenyewe

Juzi mdogo wangu kaniletea kompyuta yake, akiwasha gemu tu inaanza krrr krrr krrr kama kuna kokoto ndani, na alishaambiwa anunue kadi nyingine. Kadi nzima kabisa! Shida ilikuwa feni moja imekaukiwa mafuta kwenye beringi, basi. Inaniuma nikiona mtu anatupa kadi nzima kwa kukosa matone mawili ya mafuta, ndo maana naandika hii.

Hatua ya 1: Hakikisha ni feni kweli

Fungua ubavu wa kesi, washa, sogeza sikio. Kadi nyingi za siku hizi feni hazizunguki kabisa mpaka chipu ifike nyuzi 50 au 60 hivi, kwa hiyo usishangae zikiwa zimetulia, weka programu ya MSI Afterburner upandishe spidi kwa mkono, asilimia 30, alafu 60, alafu 100. Beringi kavu mara nyingi inakwaruza zaidi kwenye spidi ndogo, au pale mashine imewashwa tu ikiwa ya baridi. Sasa weka ncha ya kidole taratibu kwenye kitovu cha feni, pale katikati, sio kwenye mapanga, uisimamishe sekunde moja. Kelele ikikata, mchawi umempata. Isipokata jaribu feni inayofuata. Ukizisimamisha zote na bado unasikia mlio mwembamba kama mbu, hiyo ni koili za umeme kwenye kadi zinatetemeka, mafuta hayana msaada hapo, funga kesi. Angalia pia kama kuna waya umelegea unagusa mapanga, inatokea sana.

Hatua ya 2: Toa kadi

Zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha kesi, toa kadi.

Hatua ya 3: Fungua kava, hitisinki iache

Ukigeuza kadi utaona skrubu nne zimeizunguka chipu, mara nyingi zina springi. Hizo usiguse. Ndo zinazobana hitisinki, lile chuma la kupozea, kwenye chipu, ukizilegeza tu pesti ya joto iliyopakwa katikati yao inaachia na itabidi ufute upake upya, na vile vipedi laini vya kwenye memori vikichanika unatafuta vingine vya unene ule ule. Kadi nyingi kava la feni lina skrubu zake za pembeni, fungua hizo tu. Zipo kadi ambazo kava halitoki mpaka hitisinki itoke, kama yako ni hivyo andaa pesti mpya kabla hujaanza. Plagi ya feni kamata yenyewe kwa kibano, usivute waya. Na bisibisi iwe ya saizi yake, hizi skrubu zikishalika kichwa ni kazi nyingine.

Hatua ya 4: Mafuta

Hapa ndo nilipoteza mchana mzima mara yangu ya kwanza. Nilibandua stika ya mbele, ile yenye nembo, nikidhani beringi iko chini yake, kumbe ile ni pambo, chini ni plastiki tupu. Nikadondoshea mafuta pembeni ya kitovu nikitegemea yatapenya yenyewe. Hayakupenya, nilipowasha yakarushwa kote kwenye hitisinki, na krrr iko pale pale.

Njia ni ya nyuma. Toa feni kwenye kava, kawaida skrubu tatu ndogo, igeuze, utaona stika imeandikwa 12V na ampea zake. Ibandue upande mmoja tu taratibu, usiitoe yote. Ukikuta kizibo cha mpira au plastiki, king'oe kwa ncha ya kibano, chini yake ndo kuna kichwa cha shafti. Dondosha tone moja, zungusha mapanga kwa kidole, subiri, tone la pili, inatosha. Kabla ya kurudisha stika futa pale kwa pamba yenye spiriti mpaka pakauke kabisa, maana gundi haishiki penye mafuta na ile stika ndo kifuniko, isiposhika mafuta yanatoka na baada ya muda unarudi pale pale.

Usipokuta tundu, usitoboe! Unga wa plastiki utaingia kwenye beringi. Nyingi za aina hii mapanga yanachomoka: shika kitako cha feni, kamata mapanga pande mbili karibu na kitovu, vuta wima bila kuinamisha, inaachia kwa kishindo kidogo, tap. Ya mdogo wangu ilikuwa hivyo. Shafti ilikuwa na ute mweusi, mzito kama lami, hayo ni mafuta ya zamani. Futa mpaka pamba itoke nyeupe, tone moja kwenye tundu, moja kwenye shafti, bonyeza irudi.

Mafuta tumia ya cherehani, mi sitaki kusikia mengine. Mafuta ya kula yanaganda na kunata. Ile spreyi ya kulegeza kutu inaosha mafuta yaliyobaki alafu yenyewe inapotea. Grisi ya magari ni nzito mno kwa kamota kadogo hivi.

Ukitikisa mapanga na yanacheza sana kushoto kulia, beringi imelika, mafuta yatakusogeza tu kidogo. Tafuta feni nyingine kwa namba iliyo kwenye stika, pima kipenyo na umbali wa matundu ya skrubu, hesabu na waya za plagi.

Hatua ya 5: Vumbi

Brashi laini. Ukitumia blowa zuia feni kwa kidole isizunguke, spidi ile inaumiza beringi uliyotoka kuitia mafuta.

Hatua ya 6: Rudisha ujaribu

Kabla ya kufunga kava, sukuma kila feni kwa kidole, inatakiwa izunguke raundi kadhaa kimya na isimame yenyewe taratibu, sio kwa kukwama. Chomeka plagi zote, rudia spidi zile tatu huku unaangalia joto. Ile ya kushoto ya mdogo wangu ilinyamaza kabisa, na ya kulia nayo nikaitia mafuta siku hiyo hiyo japo haikuwa inalia, maana zina umri mmoja.