Msasa, vizibo na makofi: kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma

Nafundisha darasa la kwanza Tarime, mkoani Mara. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kikurya na hawakuizoea l, hivyo "kalamu" hutoka "karamu". Ukimwambia tu mtoto amekosea, hasikii amekosea wapi. Mpe kitu cha kushika.

Anza na herufi za msasa. Mwombe fundi seremala vipande vilivyobaki, kata a, e, i, o, u zenye ukubwa wa kiganja, bandika kwenye kadibodi. Maria Montessori alitumia herufi za namna hii katika shule yake ya Roma, iliyofunguliwa mwaka 1907, na kwangu hazijapitwa na wakati. Mtoto apitishe vidole viwili kwa mwelekeo uleule wa kuandika, huku akitamka sauti. Kwenye m aseme "mmm", asiseme "me", maana akizoea "me" ataisoma "mama" kama "mea-mea". Herufi b na d usizilete siku moja.

Vizibo vya soda ndivyo navitegemea zaidi. Gonga kingo kwa nyundo zisikwaruze, kisha bandika ndani karatasi yenye silabi nzima: ma, to, ka, li. Sema "mtoto". Mtoto apige makofi matatu, m-to-to, apange vizibo vitatu vitupu, ndipo abadilishe kimoja kimoja kwa chenye silabi yake. Ile m ya mwanzo ipewe kizibo chake peke yake, tena chenye rangi tofauti. Usipofanya hivyo watakuandikia "mutoto" mpaka darasa la tatu. Fanya vivyo hivyo na mtu, mke, mbwa.

Kwa l na r tafuta kioo kidogo. Avute "lllll" akijitazama: ulimi umetulia nyuma ya meno ya juu. Kwenye r unadunda. Kisha mpe picha mbili, kalamu na karamu. Wewe taja moja, yeye ainue picha. Halafu mbadilishane, yeye ataje. Hapo ndipo utajua kama ameshika kweli.

Ng' nayo inataka uvumilivu. Kwenye kadi yake mimi hugundisha punje ya choroko mahali pa kile kialama cha juu, kidole kikikute. Mtoto ajaribu kuivuta sauti: ya ng'ombe inaendelea puani muda wote anaotaka, ya ngoma inakatika kwenye g.

Mchanga kwenye trei ni wa tahajia. Taja neno, mtoto aligawe kwa makofi, aliandike kwa kidole akilitamka, alifute, aliandike tena akiwa amefumba macho. Likitoka sawasawa, mpe penseli aliandike daftarini. Likikwama, mrudishe kwenye vizibo, usimpe jibu.