Kongosho likivimba: mbwa anayetapika, paka aliyegoma kula

Juzi usiku kijana wangu wa mafunzo kwa vitendo alinipigia simu. Mbwa wa kilo 10 amefukua mafuta ya mbuzi jalalani, anatapika, ameinamisha kifua sakafuni na makalio juu. Nilimwelekeza hivi.

1. Papasa tumbo. Mbwa atakuonyesha panapouma. Paka hufichaficha: hujikunyata tu, mara nyingi bila kutapika.

2. Amilasi, kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu, achana nayo, hupanda hata figo zikisumbua. Tumia kipimo cha haraka cha lipasi ya kongosho, kimeng'enya cha kusaga mafuta. Kikiwa hasi, tafuta ugonjwa mwingine. Kikiwa chanya usishangilie, maana mfupa ulionasa utumboni huweza kukipotosha. Piga ultrasaundi. Angalia babesia pia, vimelea vya damu viletwavyo na kupe. Homa ya kupe huweza kuumiza kongosho.

3. Dripu ya Ringa lakteti, maji yenye chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini. Kilo 10, upungufu wa maji 8%: mililita 800, juu ya mahitaji ya siku.

4. Buprenofini kwa maumivu, maropitanti ya kuzuia kutapika miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku. Diklofenaki ya binadamu, marufuku.

5. Chakula. Sisi tulifundishwa "kulipumzisha kongosho". Nikamnyima paka mmoja mnene chakula siku tatu. Ya nne fizi na masikio vikawa njano, ini limejaa mafuta. Nilihangaika naye wiki mbili. Siku hizi naanza kulisha ndani ya saa 24 hadi 48, mara kutapika kunapodhibitiwa. Mbwa: kidari cha kuku cha kuchemsha bila ngozi, na wali, kidogokidogo. Paka hahitaji kukatiwa mafuta kama mbwa. Anachohitaji ni kula. Akigoma, usimsukumie chakula kwa bomba la sindano: atakichukia, au kitaingia mapafuni. Weka mrija wa puani. Tone la ganzi puani, subiri, pima kutoka pua hadi ubavu wa saba au wa nane, weka alama ya plasta, mwinamishe kichwa anapomeza. Kisha eksirei kabla ya tone lolote la chakula, hata kama una uhakika. Kutokukohoa si ushahidi kwamba mrija haukuingia mapafuni. Paka wa kilo 4 huhitaji kalori 200 hivi kwa siku. Mpe theluthi siku ya kwanza, theluthi mbili ya pili, zote ya tatu.

6. Antibiotiki siandiki kwa mazoea, ila nikiona dalili za maambukizi.

Mwenye mbwa umwambie ngozi ya kuku na mafuta ya nyama basi, hata kionjo, hata sikukuu.