Babu aliyehamia Kigoma: soma pembeni mwa rejista

Kama babu yenu alivuka Ziwa Tanganyika akabatizwa Katoliki Ujiji, Kigoma au Tabora, usiishie kwenye mstari wa ubatizo. Soma pembeni: tangu 1908 sheria ya Kanisa inamtaka paroko aandike hapo ndoa ya mbatizwa, tarehe na mahali. Ukiipata, fuata rejista ya ndoa ya parokia alikofunga ndoa. Hiyo ndiyo hazina yenyewe, maana hutaja mashahidi, na mara nyingi wazazi wa pande zote mbili. Shahidi huenda ni ndugu wa damu. Cheti cha zamani cha ubatizo chenye namba ya LB (namba yake katika rejista ya ubatizo) kitamrahisishia sana katibu wa parokia.

Wengi hukwama kwa kutafuta jina la ukoo. Tafuta jina la ubatizo kwa Kilatini (Yohana ni Joannes), kisha la baba yake. Padre Mfaransa anaweza kuwa ameandika "ou" penye "u". Umri wa aliyebatizwa mtu mzima ni makadirio tu, panua msako miaka kumi huku na huku.

Kwa Mwislamu, anzia kwa wazee wa msikiti. Na Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji kuanzia 1916 hadi 1921, kwa hiyo nyaraka za serikali za miaka hiyo ulizia Brussels pia.